Msitundike ukutani picha za watoto wakimbizi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji. Kila inapokaribia Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, kurasa za magazeti hupambwa kwa picha zilizochorwa na watoto wa kambini: nyumba inawaka, mtu kashika bunduki, mtumbwi umejaa vichwa. Maelezo yake husema mtoto huyo anatibiwa kwa sanaa. Sisi tunaofanya shughuli za sanaa na watoto na wazazi wao huku Kigoma hatuna ugomvi na wapiga picha, ila kila tukiziona tunabaki na maswali yasiyojibiwa. Mtoto aliambiwa achore nini? Alipomaliza, nani alikaa naye? Na mama yake alikuwa wapi muda wote huo?

La kwanza ni jepesi. Ukiona karibu kila karatasi ina bunduki, ujue kuna mtu mzima aliyesema "chora yaliyokupata". Mtoto aliyeachiwa hiari huchora mpira, baiskeli, kuku, shule yenye bendera, lori la mgao, na siku mojamoja huchora moto. Hapo moto una maana, kwa sababu kauleta mwenyewe kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani linashauri waziwazi kwamba mtu aliyetoka kwenye tukio la kutisha asiketishwe kikao kimoja cha kusimulishwa alichokiona kwa kisingizio cha kumpunguzia mzigo, kwani faida yake haijaonekana na wapo wanaozidi kuumia. Kumwagiza mtoto achore shambulio siku ya kwanza, mbele ya mgeni anayeondoka kesho kwa gari, ni kikao hichohicho, tofauti ni kwamba kalamu ya rangi imechukua nafasi ya mdomo.

Kuna jingine linalosahaulika. Kambi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao wa Kivu Kusini. Warundi walimiminika 2015, wakati maelfu walipokwama kwenye ufukwe wa Kagunga, Ziwa Tanganyika, huku kipindupindu kikiwaandama, hadi meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Fanya hesabu. Mtoto wa miaka minane aliyeketi mbele yako leo, kama si miongoni mwa waliowasili kutoka Kongo tangu 2023, huenda kazaliwa hapahapa kambini. Kagunga hakuiona. Ziwa hakulivuka. Anachokijua kuhusu vita kakisikia usiku kupitia ukuta wa turubai, baba akizungumza usingizini, au kakisoma usoni pa mama yake kila lori linapounguruma. Ukimwambia huyo achore vita, atakuchorea hofu ya mzazi wake. Ndiyo maana tunasema kazi hii ikifanywa na mtoto peke yake, mzazi yuko nje ya uzio akisubiri, nusu yake haijafanyika.

Wala si kazi mpya. Huko Prague, miaka ya 1930, msanii Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha kuchora watoto wa wakimbizi waliotoka Ujerumani, akisaidiwa na mwanafunzi wake Edith Kramer, ambaye baadaye alikwenda New York na kuwa mmoja wa waasisi wa tiba kwa sanaa Marekani. Dicker-Brandeis mwenyewe alipelekwa Terezín, kambi ya Wanazi, akaendelea kuwafundisha watoto waliofungwa humo, na Oktoba 1944 akasafirishwa Auschwitz alikouawa. Picha zaidi ya 4,000 za watoto wake zilisalimika ndani ya masanduku. Ukizitazama utaona maua, vyumba, vitu vya mezani, mazoezi ya mistari na mwendo wa mkono. Na aliwataka waandike majina yao kwenye kazi zao, mahali ambapo kila mtu alikuwa namba. Hilo la jina tutalirudia.

Sasa kazi yenyewe. Kundi lisizidi watoto 12, wenye umri unaokaribiana, tuseme miaka 7 hadi 10. Wawezeshaji ni wawili, si mmoja, kwa sababu mtoto mmoja akitoka nje akilia lazima awepo wa kumfuata na wa kubaki na kumi na mmoja. Vipindi ni vinane, mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, mkeka uleule. Kipindi ni dakika 60 hadi 75. Usipange siku ya mgao wala siku ambayo akina mama wa upande ule huenda kuni. Mtoto atakosa kwa sababu kaachiwa mdogo wake, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba "mahudhurio ni hafifu".

Kuhusu vifaa, tunataja hesabu kwa sababu wafadhili huleta vitu vingi visivyotumika. Karatasi ya manila ikatwe vipande vinne. Karatasi 40 zinatosha kundi zima kwa vipindi vyote vinane, na chenji inabaki. A4 nyembamba ya kuchapishia haifai, rangi ya maji huitoboa. Kalamu za rangi za nta, pakiti ya rangi 12 kwa kila watoto wawili, na akiba ya nyeusi, nyekundu na kahawia, maana hizo ndizo huisha mwanzo. Kahawia ni ngozi ya watu na ni udongo wa Kasulu. Bila hiyo mtoto hana cha kujichorea. Brashi 12, makopo ya maji 6, vitambaa vya kufutia, bahasha kubwa 12, na sanduku lenye kufuli. Vifutio msilete. Watoto wetu wamezoeshwa shuleni kwamba kosa ni la kufutwa, basi atasugua mpaka karatasi ichanike, na akili yote iishie hapo. Akikosea, ageuze karatasi, au akate kipande na kukibandika juu ya kosa.

Gundi ya uji wa unga ni nzuri na ni rahisi: kikombe kimoja cha unga wa ngano au muhogo kwa vikombe vinne vya maji, unakoroga motoni hadi uwe mzito, chumvi kidogo ili usiwahi kuvunda. Lakini huku kambini hatuipiki. Mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja tangu 2017, na mama aliyepima unga wake kwa kikombe asubuhi akikuona unaukoroga ili kubandikia makaratasi, hatakusikiliza tena. Vivyo hivyo kubandika maharage na punje za mahindi kuwa mapambo, zoezi linalopendwa sana kwenye miongozo iliyoandikwa mbali. Nunua gundi dukani.

Mpangilio wa vifaa nao una sababu. Penseli na kalamu ya nta humtii mtoto. Mstari unakaa pale alipouweka. Rangi ya maji hukimbia, udongo mbichi hubonyea zaidi ya ulivyotaka. Mtoto ambaye maisha yake yote yameamuliwa na wengine akipewa siku ya kwanza kitu kisichomtii, ama atagoma, ama atamwaga kila kitu. Kwa hiyo wiki tatu za mwanzo ni kalamu na vipande vya kubandika. Rangi ya maji wiki ya nne, na kopo lijazwe robo tu. Udongo wiki ya tano.

Huo udongo wachimbe wenyewe pamoja na mwezeshaji. Wa kichuguu ni mzuri. Loweka siku mbili, toa mizizi, pitisha kwenye chekecheke, acha maji yajitenge, mwaga ya juu, kisha uanike juu ya gunia mpaka usishike kidoleni. Ukande kama unga wa chapati, upige chini mara kadhaa ili hewa itoke. Nusu kilo kwa kila mtoto, yaani kilo 6, na kilo 2 za akiba zikae chini ya kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki. Tatizo kubwa ni kwamba hatuna tanuri. Kitu kilichofinyangwa Jumanne kitakuwa na ufa Ijumaa, mguu wa ng'ombe utakatika, na kwa mtoto aliyezoea kupoteza vitu hilo si dogo. Mwambie mapema, kabla hajaanza, kwamba udongo usiochomwa hupasuka. Kausha taratibu kivulini, si juani. Kipindi kinachofuata anza na kurekebisha: uji mzito wa udongo, mkwaruzo kidogo pande zote mbili za ufa ili zishikane, bana na shikilia ukihesabu hadi thelathini. Wapo watoto ambao kwao dakika hizo za kubana mguu wa ng'ombe ndizo kipindi kizima, na inatosha.

Tahadhari ambayo haimo kwenye miongozo: Burundi, ufinyanzi wa vyungu ni kazi iliyohusishwa na Watwa, na Watwa wamedharauliwa kwa vizazi. Ukianza kwa kusema "leo tutafinyanga chungu", baba mmoja atasimama na kuuliza kama mnataka kumfanya mwanawe Mtwa. Anza na ng'ombe, nyumba, ndege. Zungumza na wazee wa kijiji kabla, na kama ndani ya kundi la wazazi yupo mama wa Kitwa anayejua kazi hiyo, usimtangaze kuwa fundi bila kumuuliza faraghani. Akitaka kufundisha, anafundisha. Ngoma nayo ina wenyewe. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa dunia usioshikika, na mwaka 2017 amri ya rais wa nchi hiyo ikawazuia wanawake kuipiga. Msichana akishika fimbo za ngoma mbele ya wazee, huenda usione hasira, utaona tu wiki ijayo hayupo. Tumia makopo na madebe kwa zoezi la mdundo, ngoma yenyewe waachie wenyewe waamue.

Kipindi hufunguliwa na kufungwa kwa namna ileile kila wiki, hata ikionekana kuchosha. Wimbo mmoja, kila mtoto anataja jina lake na kufanya kitendo ambacho wengine wanakirudia, dakika kumi. Kisha kunyoosha mwili, dakika tano. Kazi, dakika 35. Dakika kumi kabla ya mwisho unatangaza kwamba muda unakaribia, halafu unatangaza tena zikibaki tano, kwa sababu kumkatisha mtoto ghafla ndiko kunakozaa vurugu ambazo wawezeshaji wengi huziita utovu wa nidhamu. Mwisho anayetaka kuonyesha anaonyesha, asiyetaka anageuza karatasi juu chini. Haulizwi "hii ni nini?" wala hasifiwi "umechora vizuri!" Mwezeshaji husema anachokiona: umeweka bluu nyingi huku juu, mtu huyu umemweka pembeni. Mtoto akitaka kuendelea ataendelea. Akinyamaza, nanyi nyamazeni.

Na Kiswahili chake msikisahihishe. Wa Kivu akisema "batoto" au "bamama", hujaja kumpa mtihani. Kwa wanaozungumza Kirundi tu mnahitaji mkalimani, na mkalimani asiwe jirani wa familia hizo. Atoke kijiji kingine cha kambi. Akae pembeni ya mtoto kwa nyuma kidogo, atafsiri kwa nafsi ya kwanza, asiongeze "anamaanisha". Siri nyingi zilizovuja zimevujia hapo.

Tunakuja kwa wazazi. Kundi lao ni la watu 8 hadi 10, dakika 90, vipindi vinne peke yao kabla ya kuchanganywa na watoto. Sababu ni aibu. Mtu mzima ambaye hajashika kalamu ya rangi maishani hawezi kuishika mara ya kwanza huku mwanawe anamtazama. Andaeni mkeka wa wanaonyonyesha na mtu wa kushika watoto wachanga, la sivyo kila mama ana mkono mmoja tu. Akina baba hawaji kwenye kitu kinachoitwa kuchora. Wanaitwa kwa kazi ya mikono, na kazi inayowaleta kuliko zote ni gari la waya.

Kwa gari moja unahitaji waya laini wa mita tatu hadi nne, soli ya kandambili kuukuu ya kukatia magurudumu manne, vipande vya mpira vya kufungia, na mti wa mita moja wa kuendeshea. Koleo mbili kwa kila wazazi wanne zinatosha, zizunguke. Ncha zote za waya zikunjwe ndani mara mbili, hilo mwezeshaji akague mwenyewe kwa kidole. Baba anakunja fremu, mtoto anakata magurudumu. Kinachotokea hapo si cha ajabu lakini ni adimu. Sheria za kambi hazimruhusu mkimbizi kutoka zaidi ya kilomita nne bila kibali. Kazi ya maana hakuna, chakula kinatoka kwenye mgao, na mtoto hajawahi kumwona baba akiwa fundi wa chochote. Sasa anamwona. Yule ambaye nyumbani hugombana na kila mtu anaomba, "Nishikie hapa." Mama naye na vipande vya kitenge vya kushona mwanasesere hufika mahali hapohapo, na msifanye iwe kazi ya wasichana tu.

Katika vipindi vya pamoja, navyo vinne, tunaanza na mchezo aliokuwa akiutumia daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott: mmoja anachora mstari wowote uliopinda, mwenzake anaugeuza kuwa kitu, kisha wanabadilishana. Karatasi moja, rangi mbili tofauti, dakika tano, bila kusema. Sheria ni moja na ndiyo huvunjwa kila mara: mzazi hagusi mstari wa mtoto kuusahihisha. Tazama mama anavyoushika mkono wa mwanawe na kuuongoza. Usimkemee mbele ya mtoto. Nenda ukae karibu yake, mpe karatasi yake mwenyewe. Tazama pia nani anaanza, nani anabanwa pembeni ya karatasi. Hayo ni ya kumsaidia mwezeshaji apange wiki ijayo, hayafai kuandikwa kama ugonjwa wa mtu.

Zoezi kubwa la pamoja ni Mti wa Maisha, na tunalipenda kwa kuwa limezaliwa Afrika. Lilibuniwa katikati ya miaka ya 2000 na Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia wa Zimbabwe, pamoja na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto wa kusini mwa Afrika walioguswa na UKIMWI. Mizizi ni alikotoka mtu: kijiji, lugha, nyimbo, bibi aliyemfundisha kitu. Ardhi ni anayoyafanya kila siku sasa. Shina ni anayoyaweza. Matawi ni matumaini, majani ni watu wake, waliopo na waliotangulia, na matunda ni aliyopewa na wengine. Linachukua vipindi viwili hadi vitatu; wanaolimaliza kwa saa moja hupata mti wenye majina tu. Kosa jingine ni kuligeuza kuwa ukoo wa familia, mahali ambapo yatima anabaki na karatasi tupu. Na kwenye mizizi usiulize kwa nini waliondoka, uliza nani alipika nini siku ya sikukuu. Ndipo mzazi anapoimba kwa Kibembe, lugha ya kwao Kivu Kusini, kitu ambacho mwanawe hajawahi kukisikia.

Miti ikikamilika, wazazi na watoto huibandika pamoja ikawa msitu, na hapo tu, wakiwa wamesimama mbele ya msitu, ndipo dhoruba inapotajwa. Swali ni: dhoruba ikija, wanyama wa msitu hufanyaje? Wengine hukimbia, wengine hujificha, wengine hukusanyika. Hakuna anayelazimishwa kusema dhoruba yake ilikuwa ipi. Kipindi kikiisha, msitu unabanduliwa na kila mmoja anarudishiwa mti wake kwenye bahasha.

Mambo huharibika, na mara nyingi ni sisi watu wazima tunaoyaharibu. Baluni za sherehe ya kufunga: moja ikipasuka utaona nani alilala chini. Filimbi ya kuwaita watoto, vinyago vya kufunika uso kwenye maigizo, mlango uliofungwa kwa komeo. Mtoto akiganda, akitetemeka au akijikojolea, simamisha kazi yake bila kuwatangazia wengine. Usimkumbatie bila ruhusa, usimuulize kaona nini. Msaidizi akae naye usawa wa macho, amwombe akanyage chini kwa nguvu, ashike udongo wa baridi au kopo la maji, ataje vitu vitano anavyoviona. Sauti ya chini, maneno machache. Siku hiyohiyo mlezi wake aelezwe. Kama mtoto hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, ameanza upya kukojoa kitandani, hali chakula, au anazungumzia kufa au kujiumiza, apelekwe kwenye huduma ya afya ya akili ya kambi, na la kufa halisubiri kipindi kijacho. Akifichua kwamba kuna mtu anamdhuru, usimuahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mjulishe afisa wa ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo, na usiende kumkabili mtuhumiwa. Lakini picha peke yake haithibitishi kitu. Tumeona ripoti zinazosema mtoto ana huzuni kubwa kwa kuwa alichora kila kitu kwa rangi nyeusi. Huenda ni kweli. Huenda pia pakiti ilikuwa imebaki na nyeusi tu.

Kwa hiyo neno "tiba" nalo litumiwe kwa staha. Uingereza, jina la mtaalamu wa tiba kwa sanaa linalindwa na sheria, huwezi kujiita hivyo bila usajili. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili katika dharura unapanga huduma kama piramidi ya ngazi nne: chini kabisa ni usalama na mahitaji ya lazima, juu yake msaada wa jamii na familia, kisha msaada wa wahudumu waliofunzwa, na kileleni wataalamu. Mengi ya tuliyoyaeleza hapa yako ngazi ya pili na ya tatu. Tukiyaita tiba, mama mwenye mtoto mgonjwa kweli atadhani ameshafika.

Tumesema tutarudi kwenye jina. Mtoto huandika jina lake mwenyewe nyuma ya karatasi, na tarehe. Karatasi inaingia kwenye bahasha yake, bahasha kwenye sanduku, ufunguo uko kwa mtu mmoja anayejulikana. Haipigwi picha. Haibandikwi ukutani ofisini ili wageni waione. Picha ya mtoto inaweza kuwa na rangi ya sare, bendera, jina la kilima, na nyumbani wapo ndugu waliobaki. Hujui gazeti litasomwa na nani. Tunajua kwamba mwaka 2007 picha zipatazo 500 za watoto wa Darfur, zilizokusanywa kwenye kambi za mashariki mwa Chad, zilipelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na hatusemi ilikuwa vibaya. Lakini kukusanya ushahidi ni kazi yenye sheria zake, mtoto na mzazi wanaambiwa tangu mwanzo. Haiwezi kufichwa ndani ya kipindi kinachoitwa cha uponyaji.

Tangu safari za kuwarejesha Warundi zianze Septemba 2017, kundi linaweza kupungukiwa mtoto katikati ya wiki nane. Usingoje siku ya basi. Wiki ile familia inapoandikishwa, kundi linamuaga, na mtoto na mzazi wanaulizwa pamoja: picha wanaondoka nazo, zibaki, au zichomwe? Wapo wanaochagua kuchoma, kwa kuhofia mizigo kupekuliwa njiani, na hao hupewa kiberiti na kusaidiwa.

Kwa hiyo, Mhariri, Juni ijayo mpiga picha wako akija, tunamkaribisha baada ya watoto kuondoka. Atakuta meza yenye makopo sita ya maji machafu, udongo chini ya kitambaa kibichi, magari mawili matatu ya waya ambayo wenyewe wamekubali yapigwe picha, na sanduku limefungwa. Na kama gazeti lina wasomaji wanaotaka kuchangia, walete manila na kalamu za kahawia.

Wawezeshaji wa shughuli za sanaa kwa watoto na wazazi,
Kasulu, Kigoma.